Harusi Haitaharakishwa kwa Sababu Yangu

Kama umeambiwa utapasuliwa tumbo kwa ajili ya saratani, au kama ni mama yako aliyeambiwa, huenda umeanza kusoma hapa ukitafuta namba. Hata mimi niliitafuta. Ile niliyopewa naijua, na sitaiandika, kwa sababu utaichukua uivae na haikushonwa kwa kipimo chako. Nitakueleza tu mambo yalivyokuwa kwetu, hapa Machakos mjini, tangu niliposhindwa kumaliza sahani ya chakula mpaka siku binti yangu alipoolewa.

Jina langu ni Zainabu, lakini wengi wananijua kama Mama Rukia wa pilau. Nilizaliwa Kathiani katika nyumba ya Wakatoliki, nikaitwa Mutheu, na dada yangu Ndinda mpaka leo haniiti jina lingine. Niliposilimu na kuolewa mjini, mama mkwe alinifundisha kupika kwa masufuria makubwa, na tangu mume wangu afariki kazi hiyo ndiyo imetulea mimi na Rukia, mtoto wangu wa pekee. Nimepika harusi, hitima, Maulidi, hata sherehe za kanisani. Mpishi wa aina hiyo huonja siku nzima. Tumbo langu lilikuwa chombo changu cha kazi.

Ugonjwa ulianza wakati wa mvua za masika. Nilikuwa napika harusi moja Katelembo, nikaonja wali kidogo, nikahisi nimeshiba kama mtu aliyetoka karamuni. Nikadhani ni vidonda vya tumbo. Nikanunua dawa dukani, nikanywa, nikaendelea kupika. Sketi zikaanza kuzunguka kiunoni. Ndinda alipokuja na maharagwe kutoka shambani, alinitazama pale mlangoni hata kabla ya salamu.

"Mutheu, mbona umekonda hivi?"

"Ni kazi tu."

"Kazi haikondeshi mtu shingo. Kesho tunaenda hospitali."

Nilimezeshwa mpira wenye kamera, nikatolewa kipande cha nyama huko ndani, tukaambiwa tusubiri majibu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ugonjwa huu, kwa sehemu kubwa, ni kukaa kwenye benchi. Unakaa ungojee jina lako, halafu unatumwa dirisha lingine ukangoje tena. Nikajifunza kubeba kitambaa cha kukalia, kwa sababu mifupa yangu haikuwa na nyama ya kuegemea. Ndinda alikaa kando yangu na rozari yake, mimi na tasbihi yangu, viwiko vyetu vikigongana. Siku moja mzee aliyekuwa mbele yetu aligeuka akatutazama, akasema, "Nyinyi mnapiga pande zote mbili." Tukacheka mpaka muuguzi akatoka kutazama.

Majibu yalipokuja yalikuwa saratani. Nikapelekwa Nairobi, na baridi ya Julai ikanikuta wodini.

Aliyenipasua alikuwa daktari mwanamke, mpole wa sauti. Nilipozinduka vizuri aliniambia kwamba mfuko wa chakula umetolewa wote, na bomba la koo limeungwa na utumbo.

"Sasa chakula kitakaa wapi?" nikamuuliza.

"Hakitakaa, mama. Kitapita tu. Itabidi ujifunze kula upya."

Nilifikiri ni namna ya kusema. Kumbe ilikuwa kweli kabisa. Chai ya kwanza yenye sukari niliyokunywa nyumbani iliniangusha. Moyo ulienda mbio, jasho likanitoka mgongoni, macho yakaingia giza, nikajilaza sakafuni jikoni kwangu nikidhani ndiyo safari. Ilikuwa sukari tu, imeshuka haraka kwenye utumbo. Baadaye nilijua dalili zake kama mtu anavyomjua jirani msumbufu: anagonga, anapiga kelele, anaondoka. Lakini siku zile sikujua kwamba ataondoka.

Ndinda aliacha shamba lake mikononi mwa mumewe akahamia kwangu. Alinipikia uji wa wimbi mwepesi, akanipa kwa kijiko cha chai, akasubiri, akanipa tena. "Wewe kunywa tu," aliniambia. "Usiangalie bakuli. Angalia mimi." Harufu ya vitunguu vikikaangwa, ambayo nimeishi nayo maisha yangu yote, ilinitapisha. Pete ya ndoa ilianguka kwenye beseni la vyombo, nikaifunga kwenye pindo la leso. Usiku nilihisi uchungu wa nyongo ukipanda kooni, nikalala nimeegemea mito kama mtu aliyekaa. Halafu asubuhi moja yai la kuchemsha likakaa. Lote. Ndinda alitoka uani akampigia mumewe simu kumwambia kuhusu yai.

Mtu aliyenipeleka Nairobi na kunirudisha kila mara alikuwa shemeji yangu Idris, mdogo wa marehemu mume wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Kyumbi, na baada ya kaka yake kufariki yeye ndiye walii wa Rukia, wa kumwozesha. Idris ni mtu wa kubishana. Tumebishana miaka yote: juu ya siasa, juu ya chumvi, juu ya nani alimharibu Rukia kwa kumdekeza. Baada ya kliniki ya kwanza tangu upasuaji, aliacha kubishana nami. Nikisema jambo anaitikia, "Sawa, shemeji." Sauti yake ikawa laini kama ya mtu aliye chumba cha maiti. Nikajua amemuuliza daktari kitu, na amejibiwa.

Jumapili moja alikuja, akakaa, akakataa chai.

"Shemeji, nimeongea na upande wa kina Salim," akasema. Salim ni kijana aliyemposa Rukia. Tulikuwa tumekubaliana pande zote kwamba ndoa itafungwa Rukia akimaliza chuo cha ualimu, na alikuwa bado na zaidi ya mwaka. "Wako tayari. Tufanye baada ya Maulidi tu. Kitu kidogo cha nyumbani."

"Kwa nini?"

"Ili uione."

"Niione kabla ya nini, Idris?"

Akatazama mikono yake. Ndinda, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, akaacha kuchambua.

"Sema tu," nikamwambia. "Umeuliza, umeambiwa. Niione kabla ya nini?"

"Mama Rukia, mimi nataka tu mtoto awe na mama yake siku hiyo. Ni vibaya?"

Haikuwa vibaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa na hasira na sikuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia.

Kumbe Rukia aliujua mpango huo. Alikuja nyumbani Ijumaa iliyofuata na begi kubwa kuliko la wikendi. Alikuwa ameshaomba ruhusa chuoni, akae nje mpaka mwaka ujao.

"Nimekubali, Mama," akasema. "Nataka uwepo."

"Na masomo?"

"Nitarudi baadaye."

"Na mimba ikija? Na mama mkwe akiugua? Hiyo baadaye ni ya nani?"

Akaanza kulia. Nikamvuta karibu, naye akaogopa kunikumbatia vizuri kwa sababu ya kovu. Alinishika kama watu wanavyoshika yai. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyumbani kwangu kila mtu ameshaanza kunizika, kwa upendo, bila kelele.

Watu pia walianza kuja. Wengine walileta mayai na maziwa, Mungu awalipe. Wengine walikuja kuniaga bila kusema wamekuja kuniaga. Mama mmoja wa mtaa wetu alinishika mikono yote miwili akaniombea mwisho mwema. Nikamwambia, "Ahsante, ni dua nzuri. Lakini mimi bado niko katikati. Niombee katikati kwema kwanza." Hakurudi tena, na sikumkumbuka sana.

Lakini nisikudanganye kwamba nilikuwa na uhakika. Peke yangu niliwaza: itakuwaje kama Idris yuko sahihi? Nikikataa, kisha nikafa, mtoto atapakwa hina na mikono ya watu wengine, na mimi ndiye nitakuwa nimemnyima. Kiburi changu kitalipwa naye. Wazo hilo lilinisumbua kuliko mshono. Nikaamua kwamba kama hesabu imesemwa juu yangu, na mimi nitaisikia kwa masikio yangu. Kliniki iliyofuata nikamwacha Idris kwenye benchi, nikaingia na Ndinda.

"Daktari, shemeji yangu anajua kitu ambacho mimi sikijui," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Aliniuliza kwenye korido, nikamjibu. Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza. Unisamehe."

"Sasa nakuuliza mimi."

Akaigeuza kompyuta ili nione. Akanieleza anavyoingiza umri wangu, kina cha uvimbe, vitezi vilivyotolewa na vile vilivyokutwa na ugonjwa, uzito wangu, damu yangu. Kisha namba ikatokea. Ndinda akanishika paja chini ya meza. Mimi niliitazama ile namba kwa muda. Haikuwa nzuri. Haikuwa sifuri pia.

"Hii imetoka kwa watu gani?" nikauliza.

"Watu wengi waliopasuliwa kama wewe. Wengi wao si wa kwetu, ni wa nchi za mbali. Wagonjwa wetu bado hatujawafuatilia vya kutosha."

"Basi inaweza kukosea."

"Inaweza," akasema, "lakini inaweza kukosea pande zote mbili, mama. Sitaki kukudanganya. Inanisaidia kuamua ni dawa gani nikupe na nikuone baada ya muda gani. Ukiniuliza wewe Zainabu utakuwa wapi siku fulani, mimi sijui. Hata hii haijui."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nikamuuliza ni kipi katika yale aliyoyaingiza ambacho mimi ninaweza kukigusa. Akafikiri. Yaliyokutwa ndani yameshakutwa, akasema, hayo hayabadiliki. Lakini wanaozidi kukonda huchoka na kuacha dawa njiani. Nisikonde tena. Nitembee kila siku. Nimalize kemo yote, zile dawa za saratani za dripu. Akanipa chuma kidogo cha kupimia nguvu ya mkono, akaniambia nikibane. Mimi niliyezoea kugeuza wali wa watu mia kwa mwiko mrefu, nilibana na mshale haukwenda popote. Aibu iliyonishika ilinifaa kuliko huruma yote niliyokuwa nimepewa.

Tulipotoka Idris alisimama. Nikamwambia palepale, mbele ya watu wa benchi. "Nimeiona. Harusi haitaharakishwa kwa sababu yangu. Rukia atamaliza chuo, aolewe Desemba ya mwaka ujao kama tulivyopanga."

"Shemeji, mimi ndiye walii wake."

"Ndiyo. Na mimi ndiye mama yake, na bado niko hai."

Alikasirika. Tulirudi mpaka Machakos bila neno. Nilifurahi kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mtu kunikasirikia.

Rukia nilimpeleka chuoni mwenyewe. Nilitembea naye mpaka getini, nikipumzika kila penye kivuli. Alinuna njia nzima. Getini akaniuliza, "Na kama hutakuwepo?"

"Basi utaolewa ukiwa na cheti chako, na utanililia ukiwa mwalimu. Ingia ndani."

Ni maneno makali. Niliyasema, nikageuka haraka ili asinione uso.

Kemo ilianza, na kuanzia hapo nilihesabu maisha yangu kwa dripu. Ya kwanza nilivumilia. Ya pili ilinichoma viganja na nyayo, maji baridi yakawa kama sindano mdomoni. Ya tatu ilinipa kidonda cha mdomo, nikanywa uji kwa mrija. Kati ya dripu na dripu nilitembea. Nilianza na kuzunguka nyumba, halafu mpaka msikitini, halafu mpaka mahali unapoona milima yote ukisimama. Ndinda alinifuata nyuma na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, kama mtu anayefuata mbuzi mkaidi. Nilikula kidogo, kila mara, hata nisipotaka. Nilikula huku nalia. Nilikula, nikatapika, nikala tena.

Mvua za Novemba zilipoanza nilianguka. Damu ilishuka, homa ikapanda, nikalazwa hapa hapa mjini. Nilisikia mvua juu ya bati la wodi na sikuwa na nguvu ya kugeuza kichwa. Nilipoteza uzito wote niliokuwa nimeupigania. Katika kitanda kile ubishi wote uliniisha. Nikamwona Rukia amekaa kando, amekuja kutoka chuoni na viatu vyenye matope, nikamwambia nilichoapa kutosema.

"Mwambie ami yako afanye ile ndoa. Wiki hii. Nilikosea."

Alikuwa amekonda na yeye, na kuna kitu kilikuwa kimebadilika usoni mwake tangu siku ile ya getini.

"Hapana," akasema.

"Rukia."

"Hapana, Mama. Ulinirudisha chuoni nikalia mwezi mzima. Nina mitihani Januari. Siolewi kando ya kitanda. Fungua mdomo."

Alikuwa na kijiko mkononi. Idris alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, koti limelowa. Nilitegemea aseme neno, maana ndilo alilolitaka tangu mwanzo. Alikohoa tu. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ya duka, "Fungua mdomo, shemeji. Hujawahi kuwa mtu wa kubakisha chakula." Nikafungua.

Homa ilishuka polepole. Nilimaliza kemo kwa kuchelewa, lakini niliimaliza, na msimu wa maembe ulipofika niliweza kula kipande kimoja kilichoiva, nikikitafuna mpaka kikawa maji. Ramadhani ilipoingia sikufunga. Imamu alinieleza kwamba mgonjwa ana ruhusa yake, lakini ruhusa ni jambo moja na kula mchana wakati mtaa mzima umefunga ni jambo lingine. Mwanzo nilijificha nyuma ya pazia la jikoni. Baadaye nikachoka kujificha. Nikakaa uani na yai langu, na aliyetaka kutazama akatazama.

Nilirudi kupika kidogo kidogo. Skani ya kwanza ilikuwa safi, na iliyofuata pia. Kila baada ya miezi mitatu nadungwa sindano ya vitamini, kwa sababu mwili usio na mfuko wa chakula hauwezi kujitafutia. Daktari hasemi nimepona, na mimi simlazimishi aseme. Anasema, "Tuonane tena." Nami nasema, "Tutaonana."

Wewe unayeanza, nikwambie machache ambayo ningependa kuambiwa. Mwambie daktari ni nani anayeruhusiwa kujua habari zako, na mwambie mapema. Ukitaka kuisikia hesabu, isikie. Usipotaka, ni haki yako pia. Lakini usiruhusu ibebwe na watu wengine kwenye mifuko yao wakutazame nayo. Uliza ni kipi unaweza kugusa. Na watu wa nyumbani wakianza kukuongelesha kwa sauti laini, wagombeze.

Rukia alimaliza chuo. Desemba ilipofika mvua ilikuwa imekatika na nchi yote ni kijani. Nilipika pilau ya harusi ya mwanangu. Sikuyainua masufuria, Idris na vijana wa mtaa waliyainua, na Idris alibishana nami juu ya chumvi mbele ya wapishi wote. Ndinda alikuja na kina mama wa Kathiani, wakakata vitunguu, na harufu ile haikunifanya kitu. Ndoa ikafungwa msikitini. Wanawake wakashangilia uani mpaka nikahisi sauti zao kwenye mbavu.

Nami kwa furaha nikafanya kosa. Mtu alinipa kaimati yenye shira nzito ya sukari, nikala nzima, kisha nikaongeza nyingine. Haukupita muda moyo ukaanza kukimbia. Nikapenya katikati ya watu mpaka chumba cha nyuma, nikajilaza kwenye mkeka kati ya magunia ya mchele na mabegi ya wageni, jasho likinitoka ndani ya gauni langu jipya.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Rukia, na hina yake mpaka kwenye viwiko, na dhahabu ya nyanya yake. Alinitafuta, akanikosa, akaniona pale chini.

"Mama. Nimwite ami? Twende hospitali?"

"Usimwite mtu," nikasema. "Ni sukari tu. Kaa hapa kidogo."

Akakaa sakafuni na nguo zake zote zile, akakiweka kichwa changu mapajani mwake. Safari hii hakunishika kama yai. Alinipepea kwa upindo wa shela, na nje ngoma ikaendelea, mtu akiuliza kwa sauti bibi harusi ameenda wapi. Tukangoja. Moyo ukakimbia, ukakimbia, kisha ukaanza kutembea.

"Imepita?" akauliza.

"Imepita. Nishike mkono, niinuke. Watu wanakungoja."